Nyongeza

Mimi, Herminia Choque, muuza nguruwe wa kukaanga
sokoni Punata, kila Jumanne,
mafuta nayajua.
Nayajua yakiwa meupe na magumu kama sabuni ya kipande,
nayajua yakianza kulia kwenye sufuria ya shaba,
nayajua yakinyamaza: hapo ndipo nyama hugeuzwa.
Miaka thelathini na moja. Nywele zangu zinayanukia,
hata kitambaa changu cha kanisani.

Hivyo Daktari Ledezma aliposema, "Wamo kwenye mafuta,"
nilidhani anaisema biashara yangu.

Nianzie nyuma.
Nyumba ya mama ilikuwa ya udongo na nyasi,
na kila ufa una mwenyewe.
Usiku vinchuka walishuka ukutani bila haraka,
kama wageni wanaojua chakula kilipo.
Wakanywa usoni, karibu na jicho,
wakaacha uchafu wao palepale; nawe usingizini
ukajikuna,
ukamfungulia mwizi mlango kwa mkono wako.
Mama alianguka akiwa amebeba ndoo ya mahindi.
Moyo ulikuwa umevimba, walisema,
kama donge la unga lililosahauliwa karibu na jiko.
Nikaulilia moyo. Sikujua kumuuliza aliyeuvimbisha.

Kisha kipimo changu. Kisha vidonge, siku sitini.
Ngozi iliwaka, vidole vya miguu vikafa ganzi,
na Nicanor, mume wangu, akinihesabia vidonge
kama mtu anayehesabu deni la jirani.
Siku ya sitini na moja tulichinja.
Damu ikapimwa: safi.
Nikala. Nikanenepa. Wanawake wa sokoni wakasema
Herminia amenawiri, ona shingo, ona mikono,
nami nikazunguka ili waone na nyuma.

Miaka miwili. Damu ileile, maabara ileile:
wamerudi.
"Hawakurudi," akasema daktari. "Hawakuondoka."

Akageuza risiti ya duka la dawa, akachora.
Huu mto ni damu: humu askari wa mwili hupiga doria,
humu dawa husafiri.
Na hizi (akachora duara, duara, duara,
zimebanana kama mayai kwenye trei)
hizi ni seli za mafuta. Kimelea huingia humo,
hupunguza mwendo, hula polepole.
Askari hupita nje, huusalimu ukuta.
Dawa hufika imechoka, kama inafika.
"Ndivyo tunavyodhani," akaongeza. "Kwa panya imeonekana.
Kwa watu, wachache bado."

Husemwa kikulacho ki nguoni mwako.
Usiku ule nilivua zote: shali, sketi nne, soksi za sufu,
nikasimama mbele ya kioo cha kabati
nikatafuta.
Nguo hazikuwa na kosa.
Hili tumbo lililobeba watoto watano,
hizi nyama za mkono zinazotikisika nikipunga,
ndizo nilizoziita afya,
ndizo ghala langu la mwaka wa njaa.
Kumbe ghala lina panya, na panya ana ufunguo.
Nilitaka kujichukia. Nikashindwa.
Huwezi kulichoma godoro kwa sababu mwizi amelilalia,
nawe ungali juu yake.

Agosti nyongo yangu ilijaa mawe, wakapanga kunipasua.
Akaja kijana wa chuo kikuu, miwani imefungwa uzi,
karatasi mkononi, aibu usoni:
je, mama, wakishafungua,
tunaweza kuchukua kipande cha mafuta? Kidogo tu. Cha utafiti.
Nikamuuliza kiasi gani.
"Gramu mbili."

Nilicheka hadi mawe yakanichoma.
Mimi, niliyepima mafuta kwa kilo tangu sijaolewa,
niliyegombana na wapishi wa hoteli kwa robo!
Nikatia sahihi. Nikamwambia:
mwanangu, gramu mbili mimi sipimi.
Hiyo ni nyongeza.
Ukiwakuta humo, wamejikunyata,
waambie mwenye nyumba sasa anajua.